Kavira Hakulilia Kongo

Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili, alfajiri ya Jumatatu, mjukuu wangu Kavira aliamka. Katika kaye yangu, daftari la safari, alikuwa amepangiwa kuamka saa kumi na mbili kamili. Dakika arobaini na nane zilikuwa zimeharibika kabla sijavaa viatu.

Ninyi mnaosoma haya mmeiona ile picha. Nimeulizwa habari zake kanisani, kwenye duka la simu, na juzi niliulizwa na mteja ambaye alikuja na mzani mbovu akaondoka nao bila kuniachia, kwa sababu alikuwa amekuja kucheka tu. Kwa hiyo naandika mara moja, kutoka mwanzo, ili nisirudie kusimulia. Habari za viza, tiketi na mihuri naziruka. Zilichukua miezi na hazina ladha.

Mususa, kabla ya kutoka

Wasionijua: mimi ni fundi wa mizani hapa Mususa, Butembo. Wanunuzi wa kahawa na kakao huniletea mizani yao niirekebishe. Kazi hiyo sikufundishwa na mtu; nilijifunza kwa vitabu viwili na kwa kufungua mizani iliyokufa. Binti yetu Furaha anakaa Bruseli. Aliondoka Kavira akiwa na mwaka mmoja na mwezi mmoja. Sasa Kavira ana miaka miwili na miezi minne, na dada yake Masika ana mitano. Mke wangu, Mama Furaha, ndiye aliyepaswa kuwapeleka kwa mama yao, lakini alivunjika kifundo cha mguu shambani wiki tano kabla, jina langu likawekwa mahali pa lake.

Furaha alinipigia simu akaniomba jambo moja tu. Nililiandika ukurasa wa kwanza wa kaye, kwa maneno yake: "Papa, Kavira hanijui. Ananijua ndani ya telefone tu. Kama anafika amechoka na analia, atanikataa mbele ya batu. Tafazali, alale mu ndege."

Ndiyo sababu ya yote yaliyofuata. Mtoto alale usiku mmoja angani, ili asubuhi amkubali mama yake.

Nilisoma kwenye simu yote niliyoweza kuyapata kwa Kifaransa juu ya watoto na ndege za usiku, nikatoa hoja kumi na saba. Avae nguo zake za kulalia kabla ya kupanda. Anyonye kitu ndege inapopaa, masikio yasimuume. Ale kidogo, mapema. Akae mbali na njia wanapopita watu. Na kadhalika. Kwa siku kumi na nne niliandika pia saa ambayo Kavira hulala. Nilikuwa nikirudi kutoka karakana saa moja na nusu jioni, namkuta kitandani, namwuliza Mama Furaha: alilala saa ngapi? Saa moja na robo. Naandika. Siku kumi na nne, tofauti haikuzidi dakika kumi. Nilifurahi sana. Ni mizani michache inayorudi sawasawa kiasi hicho.

Tulifanya hata zoezi. Nilipanga viti vitatu sebuleni, nikawafunga watoto kwa mikanda ya suruali, nikafungua dirisha upande wa mashine ya jirani ya kusaga muhogo, ambayo hulia karibu kama ndege. Masika alilala kwa dakika kumi na mbili. Kavira alikataa kiti, akapelekwa jikoni kwa Mama Furaha, akarudishwa amelala. Nilimweka kitini, nikamfunga mkanda, hakuamka. Niliandika: zoezi limefaulu.

Vifaa nilinunua dukani kwa Kakule, ambaye huleta vipuri vya magari na vitu vingine vingi kutoka Ulaya. Alinipa mto wa kupuliza unaojaza nafasi ya miguu mbele ya kiti ili mtoto anyooke, viziba masikio vya watoto, na vitambaa viwili vya kufunika macho. Kakule ana kisa na mimi. Mwaka fulani nilitangaza mbele ya wakulima wake kwamba mzani wake umekosea kilo mbili. Tangu siku hiyo ananiita Injenia.

Jambo la mwisho kabla ya kutoka ni kikwembe. Mama Furaha alikiweka ndani ya sanduku, kile kitenge cha zamani chenye picha za kuku wa manjano. Nilikipima: gramu mia sita na arobaini. Nikakitoa. Akakirudisha. Nikakitoa tena, nikamweleza kwamba Bruseli kuna mablanketi.

"Sawa, Papa Furaha," alisema. Akaenda kufunga chakula cha njiani, viazi vya Musienene ambavyo dada yake alituletea, kwenye mkoba wa mkononi. Sikumwangalia akifunga.

Butembo – Beni

Gari lilipaswa kutoka saa moja. Lilitoka saa tatu na dakika ishirini, kwa sababu dereva alikuwa akimngoja abiria mmoja, na abiria yule alikuwa amekaa ndani ya gari tangu saa moja akidhani tunamngoja mwingine.

Kando yangu alikaa mama mmoja muuguzi, Mama Kanyere, mwenyeji wa Mabalako, aliyekuwa akienda Kasese kumwona binti yake aliyejifungua. Tulisafiri naye siku tatu, na kama ningemsikiliza vizuri siku ya kwanza nisingekuwa na cha kuandika. Alipoona kaye akaniomba aisome. Alisoma hoja zote kumi na saba kwa makini, kidole kikifuata mistari.

"Iko muzuri," alisema. "Mais, mutoto hapana soma kaye. Kwa nyumba analalaka wapi?"

Nilimjibu: kitandani, saa moja na robo.

"Nani anamulalisha?"

"Bibi yangu, Mama Furaha."

"Na weye unaonaka vile anafanya?"

Nikamweleza kwamba mimi huandika saa. Alinirudishia kaye, akageuza uso dirishani, mabega yake yakawa yanatikisika. Nilidhani ni barabara. Tulikuwa tumefika mteremko wa Kabasha, na pale kila kitu hutikisika.

Tairi lilitoboka baada ya mteremko. Tulingoja saa moja na dakika tano kando ya barabara. Kavira alianza kulalamika, Mama Kanyere akamchukua "kidogo tu" wakaenda kutazama mbuzi. Mimi na Masika tulibaki tukimtazama dereva akitafuta jeki. Waliporudi Kavira alikuwa amelala. Niliandika: hewa ya wazi humsaidia.

Beni

Tulipaswa kupita Beni bila kulala. Lakini kutoka Beni kwenda Kasindi magari huondoka kwa pamoja, askari mbele na nyuma, na siku ile yalikuwa yamekwisha kuondoka. Tulikwenda kwa ndugu yangu, karibu na njia ya Mavivi. Mama Kanyere naye alikaribishwa, maana mke wa ndugu yangu hana desturi ya kumwacha mgeni barabarani.

Jioni niliingia duka la dawa kununua maji ya chumvi ya pua. Kijana aliyekuwa akiuza aliposikia habari za ndege akanipa chupa ndogo ya siro. Akasema kijiko kimoja, mutoto analala mpaka Ulaya, hata ndege ikianguka hapana amuka. Mimi husoma karatasi za ndani. Niliisoma yote, pande mbili, chini ya taa ya duka. Ilikuwa dawa ya mafua, na iliandikwa kwamba asipewe mtoto mdogo ili kumlalisha tu. Nikamwonyesha mstari. Akasema hakujua kama ndani kuna karatasi. Nilimrudishia siro yake tukaagana vizuri.

Nilipomsimulia Mama Kanyere, hakucheka. Alisema nimefanya vyema, kwamba amewaona watoto waliopewa vitu kama hivyo, wengine wanalala vibaya na wengine wanaruka usiku kucha kama mbuzi. Kisha akaongeza jambo ambalo nililiandika lakini sikulielewa: mtoto aliyechoka kupita kiasi halali, anapanda moto.

Tulikula bugali na sombe la majani ya muhogo, na nanasi ambalo Masika alidai ni tamu kuliko yote ya Butembo, kwa sauti ya kutosha kumfurahisha mwenye nyumba. Jirani mnunuzi wa kakao alisikia niko pale, akaniita nitazame mzani wake. Niliporudi Kavira alikuwa amelala. Shemeji yangu alikuwa akikunja kitambaa. Nikauliza saa, akanijibu: saa moja na dakika kumi. Niliandika: nyumba ngeni, matokeo yale yale. Nilikuwa mtu mwenye amani sana usiku ule.

Beni – Kasindi – ng'ambo ya mpaka

Jumanne tuliondoka na magari mengine saa mbili na nusu. Hakuna la kusimulia, na kwenye njia ile hiyo ndiyo habari njema. Kasindi tulikula samaki wa ziwani, wa kukaanga, mmoja kwa watu wanne. Masika alikula jicho.

Mpakani Mama Kanyere alikwenda foleni ya wenye karatasi za majirani wa mpaka, sisi foleni ya pasipoti. Foleni yetu ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Saa saba na dakika ishirini Kavira akaanza kulia na kusema neno moja, tena na tena.

"Gongo! Gongo!"

Mimi nilisikia Kongo. Kila mtu alisikia Kongo. Tulikuwa hatua kumi kutoka kwenye kizuizi, bendera moja nyuma yetu na nyingine mbele, na mtoto wa miaka miwili analia Kongo. Mwanamume mmoja mbele yetu alivua kofia. Nilifungua kaye nikaandika: Kavira anaelewa mipaka.

Afisa wa upande wa Uganda alikuwa Mukonzo, kabila ndugu na letu. Nilimwamkia "Wabukire" akaitikia kama mtu wa Mususa, maana lugha ni moja. Alisoma pasipoti za watoto. Jina la Masika alilikubali mara moja. Kwa la Kavira alisimama. Akanieleza kwamba kwao, ambako jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, mtoto wa pili wa kike ni Biira, kwa hiyo nimekosea kuandika. Nikamweleza kwamba kwetu ni Kavira na hakuna kosa. Akaniuliza kwa upole kama nina hakika. Masika alimkata maneno.

"Ni mudogo wangu. Mi njo niko najua jina yake."

Akagonga muhuri.

Ng'ambo, Mama Kanyere alimchukua Kavira kutoka mikononi mwangu, nami nikaenda kununua chapati za kukunjwa na mayai. Niliporudi kulikuwa kimya. Niliandika kwamba kilio cha nchi hupita haraka mtu akila, ijapokuwa chapati ilikuwa bado mkononi mwangu.

Tulilala kwenye nyumba ya wageni, watoto na Mama Kanyere chumba kimoja, mimi cha pili. Asubuhi aliniambia Kavira alilala saa moja na nusu bila taabu.

Mpakani – Entebe

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya ndege. Basi liliondoka asubuhi, na Mama Kanyere alishuka Kasese. Kabla ya kushuka aliniambia, akiwa amesimama na mkoba kichwani na watu wakimsukuma, "Papa Furaha, kama inakulema, uliza Masika."

Nilimshukuru. Nilidhani ni utani, kumwambia mtu wa miaka hamsini na tatu aulize mtoto wa miaka mitano.

Kutoka Kasese mpaka Kampala Kavira hakulala hata dakika moja. Alitazama ng'ombe, alitazama lori, alinyonya vidole vya mtu aliyekaa nyuma yetu. Nilikuwa nimeridhika kabisa. Niliwaza kama mtu anayejaza gunia: uchovu unaongezeka kidogo kidogo, usiku gunia litajaa, nitalishona. Maneno ya muuguzi, kwamba anapanda moto, yalikuwa ukurasa wa nne wa kaye. Sikugeuza kurasa.

Kwenye uwanja wa ndege, wakati nawavisha watoto nguo za kulalia kufuatana na hoja ya tano, mtu akanigonga bega.

"Injenia! Unaenda kupima Bazungu?"

Alikuwa Kakule, na jaketi la ngozi, akienda Ubelgiji kutafuta injini. Kiti chake kilikuwa safu moja nyuma yetu. Alimwona Masika na viziba masikio shingoni, akaridhika kuona bidhaa zake zinasafiri.

Angani

Saa nitakazotaja ni za Butembo. Sikubadilisha saa yangu.

Tulipaa saa tano kasoro dakika kumi usiku. Masika dirishani, Kavira katikati, mimi pembeni. Hoja ya nane, ya kunyonya kitu, ilifanya kazi: watoto wote wawili walivuta maji kwa mrija na hakuna aliyelalamika sikio. Masika alikula kiazi kimoja, akaomba kitambaa cha macho, akalala. Dakika kumi na nane. Nawaambieni haya ili msidhani kwamba kaye yote ilikuwa bure.

Mto wa kupuliza niliupuliza mpaka kichwa kikauma. Ulipojaa, mhudumu wa ndege alikuja akasema hauruhusiwi, unafunga njia ya abiria wa dirishani. Nilimwonyesha picha iliyo kwenye boksi. Akasema picha ni nzuri. Nilipouachia hewa, ulitoa sauti ambayo sitaieleza. Safu nne ziligeuka kunitazama.

Viziba masikio Kavira alivirusha. Kitambaa cha macho alikivua akanivalisha mimi. Taa zilipozimwa akaanza, kwanza kwa sauti ndogo, kisha kwa ile kubwa.

"Gongo! Gongo!"

Nilimbeba mikononi. Nilimweka begani. Nilimwimbia. Nilimwonyesha dirisha nikamwambia Kongo iko kule chini, tutarudi, hakuna aliyeichukua. Alilia zaidi. Mama mmoja Mbelgiji ng'ambo ya njia aliuliza kwa Kifaransa mtoto anasema nini. Nikamjibu kwamba analilia nchi yake. Akaweka mkono kifuani, akamwambia mume wake, mume akawaambia wa mbele, na nikaona habari inapita safu kwa safu, watu wakigeuka na nyuso za huruma.

Kichwa cha Kakule kilitokea juu ya kiti.

"Injenia, mutoto anapenda inchi yake kuliko badepite ba bunge. Umuimbie wimbo ya taifa."

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Saa mbili na nusu zilikuwa zimepita. Nilihesabu zilizobaki, nikaona mlango wa uwanja wa Bruseli na Furaha amesimama, na mtoto huyu mikononi mwangu, macho mekundu, amechoka, anampiga mama yake mateke. Nilifungua ukurasa wa kwanza wa kaye nikausoma tena, sijui kwa nini. Nilikuwa nimeukariri.

Ndipo Masika akavua kitambaa cha macho.

"Koko, juu ya nini uko namudanganya?"

Koko ni mimi, babu yao. Nikamwambia simdanganyi, anataka Kongo, namweleza.

"Hapana Kongo. Anasema mugongo."

"Mgongo gani?"

"Mugongo ya mutu. Mukaka anamubebaka kwa mugongo, analala, kisha anamutia kwa kitanda. Kila siku." Alinitazama kama mtu anayeangalia kama mwenzake ana homa. "Haukujua?"

Mukaka, bibi yao, ni Mama Furaha. Nilirudi kwenye kurasa za saa za kulala, na kwa mara ya kwanza safari ile sikutazama saa yangu. Siku kumi na nne nilikuwa nimeandika kwa uangalifu saa ambayo mtoto hufika kitandani. Sikuandika anafikaje. Mzani ulikuwa sahihi, ila nilikuwa nimepandisha gunia lisilo lake. Kila mwanamke niliyekutana naye njiani alimtia mgongoni, akalala, kisha mimi nikaja na kalamu.

Ndugu zangu, kwetu mwanamume humbeba mtoto mkononi au mabegani. Mgongoni, kwa kitambaa, ni kazi ya wanawake na wasichana. Sisemi ni vizuri. Nasema ndivyo tulivyo, nanyi ndivyo mlivyocheka. Ndani ya ndege ile kulikuwa na mtu mmoja tu anayeijua desturi hiyo na anayenijua mimi. Mmoja alitosha, maana alikuwa Kakule.

Nikamwambia Masika kwamba hata hivyo hatuna kikwembe.

"Iko. Iko na viazi."

Nilifungua mkoba wa mkononi. Bakuli la viazi lilikuwa limefungwa mara tatu ndani ya kitambaa chenye kuku wa manjano. Gramu mia sita na arobaini.

Nilikwenda nyuma, karibu na jiko la wahudumu, nikaomba ruhusa. Mhudumu, yule yule wa mto, alisema naweza kusimama pale mradi taa ya mkanda imezimwa, na ikiwaka nirudi kitini mara moja. Kakule alikuja bila kuitwa. Nilimtazama, akanitazama. Nikampa mtoto amshike.

Masika alishika uongozi.

"Koko, inama. Hapana vile. Kama mutu anapanda maharagi." Nikainama zaidi. "Papa, mutie juu. Kamata matako yake, hapana achilia."

"Ndiyo, mama," alisema Kakule.

"Tandika kikwembe. Vuta. Koko, funga juu ya maziwa."

"Haina maziwa, huyu," alisema Kakule.

"Afunge tu."

Nikafunga. Nilisimama polepole. Kavira aliweka shavu kati ya mabega yangu, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo, na nikasikia miguu yake ikilegea mbavuni mwangu. Nilitembea hatua sita kwenda na sita kurudi. Mikono yangu ilikuwa nyuma, kwa hiyo Kakule ndiye aliyeshika kaye. Dakika nne baadaye alisogea akachungulia.

"Amelala."

"Andika saa."

Aliandika: saa saba na dakika thelathini na nne. Kisha akatoa simu akapiga ile picha. Sikuweza kumzuia bila kumwamsha mtoto, na yeye alilijua hilo.

Alikaa nami pale muda mrefu, lazima niseme, akiniletea chai na kuninywesha kama mgonjwa. Alimrudisha Masika kitini akamfunga mkanda. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ile muzani yangu, ilikosa kilo mbili ya kweli?"

"Kilo moja na gramu mia nane," nilimjibu.

"Donc haikukuwa mbili."

"Haikuwa mbili. Nilikosea kusema."

Alikunywa chai yangu iliyobaki. "Ungesema siku ile," alisema.

Taa ya mkanda iliwaka mara moja. Dakika kumi na tisa nilikaa, Kavira kitini mwake amefungwa, macho wazi, akidai gongo kwa sauti ambayo sasa kila mtu aliielewa, maana mama Mbelgiji alikuwa amekwisha kusahihisha habari safu kwa safu. Taa ilipozimika yule mama ndiye aliyenisaidia kufunga tena, Masika akimwelekeza kwa mikono. Ukiondoa dakika zile, nilisimama saa nne na dakika hamsini. Magoti yangu bado yanakumbuka.

Bruseli

Kutua tulitua tumeketi, kama sheria inavyotaka, na Kavira, aliyekuwa ameshiba usingizi kwa sehemu kubwa, aliyumba tu kitini bila kulia. Ndege iliposimama nikainama bila kuambiwa. Kwenye zile njia ndefu zisizokwisha akalala tena.

Kwenye dirisha la polisi afisa alitaka kuuona uso wa mtoto. Nilimgeuzia mgongo. Sijawahi kumfanyia hivyo afisa wa nchi yoyote. Aliegemea mbele, akatazama pasipoti, akatazama mgongo wangu, akasema merci kwa sauti ya kunong'ona.

Furaha alikuwa nyuma ya kamba, na mwanasesere mkubwa mikononi na uso ulioandaliwa, ule wa telefone, wenye tabasamu la kukaza. Masika alimkimbilia, akamshika kiuno, akaanza mara moja kumsimulia jicho la samaki. Kisha Furaha akainua macho akaniona. Baba yake, suti, tai, na kuku wa manjano kifuani.

Nilidhani atacheka, na kweli alicheka, mpaka akaketi juu ya sanduku. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtoka na ule uso wa telefone haukuwapo tena. Alitaka kuzunguka nyuma yangu amtazame mtoto. Nikamwambia, "Hapana muamushe. Inama."

Akaelewa. Alimpa Masika mwanasesere, akanigeuzia mgongo, akainama. Mambo haya wanawake wetu huyafanya sokoni kila siku, mgongo kwa mgongo, mtoto akipita juu kama unga kutoka chombo mpaka chombo. Mimi na yeye tulifanya vibaya, tukasaidiwa na Kakule, ambaye alisema safari hii anajua pa kushika. Kavira hakuamka.

Aliamka kwenye kituo cha treni, dakika ishirini baadaye. Nilikuwa kando, nikamwona akifungua macho. Hakuona uso wa mtu. Aliona shingo, na misuko ya nywele. Akaishika misuko miwili, akaivuta kidogo kuijaribu. Furaha alisimama kama mti, hakuthubutu kugeuza kichwa. Kavira akamtafuta dada yake kwa macho.

"Nani?" aliuliza.

"Ni Mama," alisema Masika. "Ulale."

Akarudisha shavu pale pale, akalala.

Hesabu

Nimerudi Mususa wiki mbili sasa. Kikwembe nilikiacha kule. Mama Furaha hajasema lolote juu ya kaye yangu. Aliisoma yote usiku mmoja, akaenda kulala akicheka, na mguu wake mbovu juu ya mto wa kupuliza. Mnaotaka kusafiri na watoto njooni niwape hoja zile kumi na saba. Nyingi ni nzuri. Ila kabla ya kuzisoma, ingieni kwanza jikoni jioni mtazame mtoto wenu analalaje, kwa macho yenu, mkiacha kalamu nje.

Picha iko ukutani dukani kwa Kakule, juu ya rafu ambako sasa anauza vikwembe. Nilimwendea na mto, viziba masikio na vitambaa vya macho, nikadai pesa zangu. Aliniambia vifaa vimekwisha kutumika, na mto unanuka viazi. Ni kweli, unanuka. Hasara yote ya safari, basi, ni dola arobaini na moja.